Hivi Si Vituko, Ni Watu Wako Kazini

Ukitaka kuijua Nairobi, shuka kwenye matatu. Sina ubaya na matatu. Nazipenda, hata zile za kelele ambazo ukishuka masikio bado yanapiga ngoma. Lakini ukiwa ndani unaona kisogo cha mtu wa mbele, skrini, na makanga akikuambia songa kuna nafasi, wakati nafasi yenyewe ni paja la mtu. Jiji linapita dirishani mbio mbio. Kulijua lazima utembee.

Mimi hutembea sana. Sababu ya kwanza ni pesa, tusidanganyane. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo natengeneza video. Video hazilipi kila siku. Nauli ya kutoka Jericho kwenda tao asubuhi inaweza kuwa hamsini, mawingu yakitokea tu inakuwa mia, na mvua yenyewe haijaamua kama inakuja. Miguu haipandishi bei. Saa moja na robo hivi, na kusimama simama kwangu kote, niko Archives.

Sababu ya pili ndiyo nataka tuongee leo. Huku barabarani kuna mambo. Kila siku narudi nyumbani na kitu kwa simu ambacho ukimwonyesha mtu wa mbali atasema nimekitengeneza na kompyuta. Watu huniandikia, "Leta vituko vingine vya Nairobi." Na hilo neno vituko limeanza kunikwaruza. Acha kwanza niwapitishe njia yangu, halafu nitawaambia mbona.

Jogoo Road, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kitu cha kwanza cha kushangaza Jogoo Road hakuna mtu hukiita cha kushangaza. Ni umati. Watu ni wengi ajabu, wanatembea kimya, begi mgongoni, patipati miguuni. Viatu vizuri viko ndani ya begi. Ukikaribia tao unawaona wamesimama kando ya ukuta wakibadilisha. Wanafuta vumbi, wanakunja kitambaa, wanarudisha patipati ndani. Dakika mbili tu, yule aliyekuwa mtembeaji wa Jogoo Road ni mtu wa ofisi, na huko ofisini hakuna atakayejua ametembea kilomita sita. Kuna mama mmoja huwa namwona, ana kitambaa cha viatu na kitambaa cha uso, na havikai mfuko mmoja. Huyo mama ana mpango kuliko wengi wetu.

Hapo Makadara ndipo niliona ile sofa ambayo wengi wenu mliiona kwangu. Kwa wale hamkuiona: jamaa wa bodaboda alikuwa amefunga sofa ya watu watatu nyuma ya pikipiki, na juu ya hiyo sofa ameketi fundi mwenyewe, amekunja nne, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika simu. Walikuwa wanapita kama waheshimiwa. Kila mtu steji alicheka, na mimi nilicheka.

Lakini walipopunguza mwendo kwa mataa nilimsikia fundi akisema kwa simu, "Niko karibu mathe, usipee mtu mwingine hizo pesa."

Fikiria hapo kidogo. Kuna mteja ana pesa leo, na hizo pesa zina njia zingine za kupotelea kabla ya saa nne. Pikapu ya kubeba sofa mpaka kwa mteja itaitisha elfu moja na kitu. Bodaboda itaitisha mia tatu. Faida ya fundi kwa hiyo sofa labda iko katikati ya hizo bei mbili. Sasa yule jamaa amekunja nne hapo juu hajioneshi. Ameikalia faida yake isianguke.

Gikomba, rinda juu ya jinzi

Ukifika Landhies unaweza kukata kulia uingie Gikomba. Hili ndilo soko kubwa la mitumba nchini, na limeungua mara nyingi mpaka nimesikia wauzaji wakihesabu miaka kwa moto: kabla ya moto ule, baada ya moto ule. Wanajenga tena, asubuhi wako kazini.

Huko utamwona mwanamume wa ndevu, futi sita na kitu, amevaa rinda la maua juu ya jinzi, na juu ya rinda sidiria ya zambarau. Amesimama juu ya meza anapiga makofi: "Mia! Mia! Mia! Chagua mia, bei ni ya jana!" Watu wanakauka na kicheko.

Nilimuuliza kama naweza kumrekodi. Alinijibu bila kuacha makofi.

"Rekodi, lakini uweke bei. Na useme ni upande wa ndani, si mbele. Wale wa mbele watanichukulia customa."

Nikaweka bei, nikaweka upande. Baadaye akishuka kunywa chai akanifunza kazi. Rinda likilala kwa meza ni kitambaa tu, mama hawezi kujua litamkaa vipi. Chumba cha kujaribia nguo hakuna, na mteja mwenyewe anapita mbio, yuko kwa njia ya kazini. Kwa hivyo yeye ndiye sanamu ya dukani, ndiye kioo, na ndiye tangazo, na halipi mtu yeyote kati ya hao watatu.

"Na mbona usimwambie dada avae?"

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama maji ni mvua. "Boss, dada akivaa rinda nani atageuka?"

Mimi hukaa usiku mzima nikijiuliza nitafanya nini ili mtu asimamishe kidole chake kwa video yangu sekunde tatu tu. Huyu jamaa anasimamisha watu walio na haraka, walio na usingizi, na wasio na nia ya kununua. Na hatumii bando.

Hatua chache kutoka hapo ni Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Utasikia kabla hujaona, nyundo na mabati tangu asubuhi. Pita huko msimu wa shule kufunguliwa uone jamaa ametokea kwa kona na masanduku matano ya shule juu ya kichwa, moja juu ya lingine, yamepakwa rangi ya buluu na nyeusi. Uso huuoni. Unaona mnara wa masanduku umevaa gambuti. Watu wanampisha kama gari la zimamoto. Kila sanduku hapo juu ni mtoto fulani ambaye mzazi wake amepata angalau pesa za sanduku. Mimi nilienda sekondari na moja la hivyo. Bado liko nyumbani kwa mamangu, siku hizi anaweka unga.

Mzee wa mkokoteni

Kurudi Landhies. Hapa ndipo mikokoteni inatoka na kuingia Marikiti, ile Wakulima Market, imejaa viazi, kabeji na vitunguu. Kama hujawahi kuuangalia mkokoteni vizuri, uangalie. Ni mbao, ekseli, magurudumu mawili ya gari, na mikono miwili mirefu mbele ambayo mwenye kuuvuta anasimama katikati yake. Hauna injini, hauna taa, hauna honi. Honi ni mdomo wake. Breki ni kipande cha tairi kimefungwa nyuma. Akiteremka mahali pana mteremko anainua mikono ya mbele juu, nyuma inashuka, na ile raba inaburuza lami. Mzigo ukiwa mzito kuliko yeye, unamwona ameinuliwa, miguu inaelea, kana kwamba anaendesha baiskeli ya hewa.

Ukiona hiyo mara ya kwanza utacheka. Ukielewa kwamba hizo ndizo breki za nusu tani ya viazi katikati ya mabasi ya Machakos, unaacha.

Nilimkuta mzee mmoja amepumzika, mgongo kwa gunia, anakunywa maji. Nikamsalimia, nikamwambia ninavyofanya, nikamuuliza kama ninaweza kuchukua video akiteremka.

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Kijana, hiyo video itanisaidia na nini?"

Nikaanza kumweleza mambo ya watu kujua kazi yenu, watu kuwaheshimu. Alinisikiza mpaka mwisho, kwa adabu, vile wazee husikiza mtu wa mauzo. Halafu akanyoosha mkono barabarani.

"Kama ni lazima upige kitu, piga hilo shimo."

Lilikuwa shimo la kawaida, maji yamejaa, huwezi kujua kina chake. Akaniambia gurudumu likiingia hapo magunia yanaenda upande mmoja, na mkokoteni ukipinduka mzigo ni wake kulipa. Mwenye viazi hataki hadithi. Wiki hiyo lilikuwa limeshika wenzake wawili.

Nikapiga shimo. Nikaweka video, nikasema liko wapi na linafanya nini. Iliangaliwa na watu mia mbili na kitu. Ile ya rinda ilikuwa imepita elfu themanini. Hayo ndiyo mambo nimekuwa nikitembea nayo kichwani.

Tao

Ukiingia tao vitu vinakuwa vingi mpaka unachagua.

Kuna wasomaji wa magazeti ya bure. Muuza magazeti amepanga magazeti chini, amekandamiza na mawe yasipeperuke, na watu kumi na tano wameinama wanasoma kurasa za kwanza, mikono nyuma, kama wakaguzi wa gwaride. Hakuna anayegusa. Dakika moja kimya, halafu mtu anasema, "Huyu naye!" na bunge linaanza. Nilimuuliza muuzaji mmoja wa Tom Mboya Street mbona hawafukuzi, maana sijaona mtu akinunua. Akasema, "Wakiwa wengi, mwenye pesa anasimama kuona ni nini." Yaani wale kumi na tano ni bango lake, na mshahara wao ni kichwa cha habari. Hakuna aliyepunjwa hapo.

Kuna nguzo za stima zenye karatasi za waganga. Mganga kutoka huku, daktari kutoka kule, namba ya simu chini. Watu huzicheka, lakini mimi huzisoma kama gazeti. Angalia orodha yenyewe: kurudisha mpenzi, kupata kazi, kupandishwa cheo, kushinda kesi, kurudisha mali iliyoibwa, kushinda kamari. Hakuna mtu angechapisha hiyo orodha kama haina wateja. Soma nguzo tatu mfululizo na utajua jiji hili linaogopa nini saa nane za usiku. Linaogopa kuachwa, kufutwa, na kuibiwa. Serikali ingetumia pesa nyingi kufanya utafiti wa kujua hayo. Iko hapo kwa nguzo, imebandikwa na gundi ya unga.

Kuna sanamu za nguo ambazo ni nusu mtu, kuanzia kiuno kwenda chini, zimegeuzwa zikitupa mgongo barabarani, na nyonga ambazo hakuna mfupa ungebeba. Kuna wale wa pata potea na karata zao tatu, ambapo ukisimama kwa umbali dakika kumi unagundua kwamba kati ya watu wanane wanaozunguka mchezo, saba wanafanya kazi pamoja na wa nane ndiye chakula. Kuna mhubiri aliye na spika kubwa kuliko yeye, na mita tano mbele muuza dawa ya panya aliye na spika ileile. Ukisimama katikati unasikia wokovu na mende katika sentensi moja.

Na kuna wapiga picha wa hapo kwa sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Mboya aliuawa karibu na hapo tarehe 5 Julai 1969. Sanamu iliwekwa 2011, na leo ndiyo mahali watu wanakutana, "nipate kwa Mboya." Wapiga picha bado wanazunguka na mabango ya picha walizochapisha, maharusi na watoto wa graduesheni na watu waliokuja Nairobi mara ya kwanza. Kila mtu anayepita ana kamera mfukoni, pamoja na mimi. Nilimuuliza mmoja bado anapata wateja gani. Akasema wanaotaka kitu cha kushika. Mtu wa ushago anataka picha ya karatasi, aipeleke nyumbani, iwekwe ukutani ionekane alifika. Na huyo mpiga picha ana jambo moja ambalo sisi wa simu hatuna. Hawezi kumpiga mtu ambaye hajakubali, maana ni huyo mtu ndiye atalipa.

Ndege, ng'ombe na mti

Si kila kitu ni watu. Siku nikiwa na shughuli za South B hupitia Uwanja wa Nyayo, na pale kwa mzunguko kuna wale ndege wakubwa wa marabou juu ya miti ya miiba. Mpaka mita moja na nusu kwa urefu, kipara, mfuko umening'inia shingoni, wanaangalia foleni ya magari kama wazee wa kamati ya mazishi. Kipara chao kina maana: ndege anayeingiza kichwa ndani ya mzoga na takataka hafai kuwa na manyoya ya kushika uchafu. Na ile miguu myeupe unayoona si rangi yake. Hujinyea miguuni makusudi ili wapoe joto likizidi. Sasa unajua, na huwezi tena kutojua. Wanaopita chini huwa na mwavuli jua likiwaka, na si kwa sababu ya jua. Marabou wako hapa kwa sababu ya taka zetu. Sisi tunatupa, wao wanakula, na hawajawahi kugoma.

Kuna ng'ombe pia. Ukame ukibana, wafugaji wa Kimaasai huleta mifugo mpaka kando ya barabara kubwa za jiji, na utaona ng'ombe amesimama kwa mataa, mchungaji na fimbo yake, nyuma yao gari la milioni nane linapiga honi. Watu wanapiga picha wakisema ng'ombe wamepotea. Jina Nairobi lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, mahali pa maji baridi. Ng'ombe walikunywa hapa kabla reli haijafika 1899. Kama kuna aliyepotea kwa hiyo picha, si ng'ombe.

Halafu kuna ule mti wa Waiyaki Way, Westlands. Mugumo wa zaidi ya miaka mia moja. Barabara ya juu ilipokuwa inajengwa, hii ya kilomita 27 kutoka Mlolongo iliyofunguliwa 2022, mti ulikuwa kwenye njia. Ulikuwa ung'olewe na uhamishwe. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 likatoka tamko la rais kwamba mti uachwe. Ukaachwa. Leo magari yanapita karibu nao na ndege bado wanalala humo.

Nafurahia ule mti, sisemi uongo. Lakini nikiupita huwa nafikiria vibanda vyote ambavyo nimewahi kuvirekodi kwa njia yangu na nikirudi wiki inayofuata ni udongo umepigwa greda. Mama wa chapati hakuwa na miaka mia moja. Hakuna aliyempigia kelele, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwona. Waliomwona walikuwa wamemwona kwa video wakicheka jinsi alivyopanga sufuria saba juu ya jiko moja.

Sasa, mbona neno linanikwaruza

Mwezi uliopita jamaa mmoja anayesimamia ukurasa mkubwa wa vichekesho alinipigia. Anataka video zangu zote za Jogoo Road, Gikomba na Landhies, mpaka zile sijaweka. Elfu kumi na tano, anatuma siku hiyo hiyo. Atazikata fupi fupi, aweke kicheko cha kurekodiwa, aondoe sauti. Alirudia hiyo ya sauti mara mbili. "Watu wakianza kuongea inaboa."

Kodi yangu ni elfu sita na mia tano. Sihitaji kuwafanyia hesabu.

Nikamwambia hapana. Alishangaa, na mamangu nilipomweleza alishangaa zaidi, akanyamaza ile kunyamaza ya wazazi, halafu akauliza, "Sasa hao watu wa mkokoteni ni ndugu zako?" Si ndugu zangu, mama. Lakini ukimtoa fundi sauti, asiseme "usipee mtu mwingine hizo pesa", anabaki mjinga aliyekalia sofa barabarani. Ukimtoa yule wa rinda bei yake, anabaki mwanamume aliyevaa sidiria. Nilikuwa nimekubaliana naye nini? Rekodi, lakini uweke bei. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu, hata kama hatukutia sahihi.

Na kuna sheria, kwa wale wanafikiri barabarani kila kitu ni cha bure. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya uso wako ni data yako. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza klabu moja faini ya milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Lakini angalia ni akina nani wanajua kushtaki. Mteja wa klabu anajua. Mzee wa mkokoteni hata hatawahi kujua kwamba alichekwa na watu laki tatu. Ndiyo maana watu wa kontenti wanapenda kumpiga yeye na si mteja wa klabu.

Sisemi tusicheke. Mkenya asiyecheka atakufa kesho kutwa. Fundi wa sofa mwenyewe alikuwa anacheka. Wa rinda anategemea kicheko chetu kama mahindi yanavyotegemea mvua. Nasema tu kwamba karibu kila kitu tunachokiita kituko hapa Nairobi ni jibu. Mtu fulani alikuwa na shida, hakukuwa na pesa wala mtu wa kumsaidia, akapata njia. Njia yenyewe inachekesha kwa sababu imetengenezwa na vitu vilivyokuwa karibu: sofa, tairi, rinda, mawe ya kuzuia gazeti. Ukicheka bila kuuliza shida ilikuwa gani, umeona nusu tu, kama zile sanamu za dukani.

Kwa hivyo hivi ndivyo nitakavyofanya, na mnishike kwa maneno yangu. Nikiweza kuuliza, nitauliza kwanza. Mtu akisema hapana, ni hapana, hata kama jambo lenyewe lingepita laki. Akisema ndiyo, nitauliza anataka watu wajue nini, na hicho kitaingia. Bei, namba ya meza, jina la steji, shimo. Nikiwa mbali na siwezi kuuliza, nitapiga mikono, mzigo, gurudumu. Uso utabaki na mwenyewe. Na sauti haitoki.

Najua hizo si kanuni za kutajirisha. Kodi ya mwezi huu bado ina pengo la elfu mbili, na kama una harusi ndogo au biashara inataka video safi, niko. Nakuja kwa miguu, kwa hivyo sikulipishi nauli.

Lakini kuna kitu kimoja unaweza kufanya bila kunilipa. Shimo bado liko Landhies. Nimepita hapo jana, limekua. Ukiwa unaenda tao liko upande wa kushoto, kabla hujafika steji ya Machakos, mahali utaona mikokoteni yote inapinda kidogo kwenda kulia bila sababu. Sababu ndiyo hiyo. Ukipita, lipige picha uiweke na wewe. Watu mia mbili waliliona kwangu. Tujaribu kulifikisha elfu themanini.